Kitu Kilichomezwa: Sarafu Yaweza Kungoja, Betri Haingoji

Mtu apitapo katika mtaa wa Mlandege, mjini Iringa, atawakuta mafundi wa saa na redio pamoja na wauzaji wa vitu vidogo vidogo: vikokotoo, rimoti, saa za mkononi, na vitu vya watoto vya kuchezea vyenye taa na sauti. Katika biashara hiyo vitu viwili vinavyofanana sana hupita mikononi mwa watu tangu asubuhi hadi jioni. Kimoja ni sarafu. Cha pili ni ile betri ndogo ya duara ambayo wengi huiita betri ya saa. Vyote viwili hung'aa, vyote ni bapa, na vyote huingia kwa urahisi katika kinywa cha mtoto wa miaka miwili ambaye bado anaijua dunia kwa ulimi wake.

Vikishamezwa, hata hivyo, vitu hivi viwili havifanani tena. Sarafu ikikwama huwa, mara nyingi, ni udhia. Betri ikikwama huanza kuunguza nyama ya mwili papo hapo, na katika muda wa saa 2 tu yaweza kuwa imekwisha kufanya madhara makubwa. Makala hii inakusudia kueleza njia ambayo kitu kilichomezwa hupita, mahali kinapoweza kukwama, sababu za vitu vingine kuwa na hatari kuliko vingine, na mambo yanayopasa kufanywa. Mwalimu wa baiolojia, wa kemia na wa fizikia, kila mmoja atapata humu jambo la somo lake.

Njia ya tonge

Nyuma ya ulimi njia mbili hukutana: njia ya hewa iendayo mapafuni, na njia ya chakula iendayo tumboni. Mtu anapomeza, kidaka tonge hufunika mlango wa bomba la hewa, na tonge huteleza kuingia katika umio. Umio ni mrija wa misuli ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Chakula hakianguki ndani yake kama jiwe ndani ya kisima. Husukumwa na misuli inayojibana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, wimbi baada ya wimbi. Ndiyo maana mtu aweza kumeza hata akiwa ameinamisha kichwa chini.

Kwanza kabisa hapana budi tutofautishe hali mbili ambazo watu huzichanganya. Karanga ikiingia katika bomba la hewa, mtoto hupaliwa: hukohoa ghafla, hukoroma apumuapo, na huenda midomo ikageuka rangi. Hapo hatari ni kukosa hewa, na muda wa kuokoa maisha huhesabiwa kwa dakika. Kitu kikiingia katika umio, kwa kawaida mtoto huendelea kupumua, lakini hudondokwa na mate, hukataa chakula, hutapika, au hulalamika maumivu ya shingo na kifua. Tena wako watoto wasioonyesha dalili yoyote. Mzazi asidhani kwamba mtoto anayecheza hana kitu kooni.

Mahali pembamba

Umio hauna upana ule ule kutoka juu hadi chini. Una mahali pembamba patatu. Pa kwanza ni mwanzoni kabisa, shingoni, ambapo upo msuli wa mviringo unaoufunga umio wakati mtu hamezi. Pa pili ni kifuani, pale ambapo mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, yaani aota, hupita kando ya umio na kuubana kidogo. Pa tatu ni pale umio unapopenya kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Vitu vingi vinavyokwama hukwama katika mojawapo ya mahali hapa, na hasa pale pa kwanza.

Jambo hili limeshuhudiwa hapa nchini. Mwaka 2011 madaktari Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 98 walioondolewa vitu katika njia ya hewa na njia ya chakula. Wengi wao walikuwa watoto wadogo. Katika umio, kitu kilichoongoza kwa wingi kilikuwa sarafu, na mahali palipoongoza ni pale penye msuli wa juu wa umio.

Mwanafunzi na achukue rula azipime sarafu zetu za shilingi 50, 100, 200 na 500. Ataona kwamba kipenyo chake ni kati ya milimita 20 na 28. Kisha na aitazame betri ya saa iliyoandikwa CR2032. Tarakimu hizo zina maana: 20 ni kipenyo chake kwa milimita, na 32 ni unene wake kwa sehemu za kumi za milimita, yaani milimita 3.2. Betri hiyo basi ina ukubwa unaokaribiana na ule wa sarafu ndogo zetu, nao ndio ukubwa unaokwama katika umio wa mtoto mdogo.

Kinachopita na kisichopita

Habari njema ni kwamba vitu vingi vilivyomezwa hutoka vyenyewe. Madaktari hukadiria kwamba katika kila watu 10 waliomeza kitu kigeni, 8 au 9 hukitoa kwa njia ya choo pasipo tiba yoyote. Mmoja au wawili huhitaji kutolewa kitu hicho kwa chombo kinachopitishwa kinywani. Wanaohitaji kupasuliwa hawafiki hata mmoja katika 100.

Kitu kikishavuka umio na kuingia tumboni, sehemu kubwa ya hatari huwa imepita. Hata hivyo yako malango mengine mbele. La kwanza ni pilori, mlango wa kutokea tumboni kwenda katika utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima, kitu chenye upana unaozidi sentimita 2.5, au urefu unaozidi sentimita 6 hivi, huenda kisiweze kupita hapo, au kikashindwa kukata kona ya utumbo iliyo mbele yake. Lango jingine ni pale utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana.

Msomaji atauliza: je, pini au sindano haitautoboa utumbo? Yaweza, na kwa sababu hiyo vitu vyenye ncha huhitaji daktari haraka. Lakini mara nyingi ajabu hutokea. Ncha ya pini inapougusa utando wa ndani wa utumbo, ukuta hujivuta na kufanya kishimo, na misuli iliyo karibu huigeuza pini ili upande butu utangulie na ncha ifuate nyuma. Jambo hili limejulikana kwa wataalamu tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwili una hekima yake, lakini hekima hiyo ina mipaka.

Mpaka mmoja ni sumaku. Sumaku moja peke yake huweza kupita kama sarafu. Lakini mtoto akimeza sumaku mbili kwa nyakati mbalimbali, moja huweza kuwa katika pindo moja la utumbo na nyingine katika pindo la jirani. Zitavutana, na kuta za utumbo zitabanwa katikati yake. Damu haitafika mahali palipobanwa, nyama itakufa, na tundu litatokea. Kwa hiyo sumaku mbili au zaidi si jambo la kungojea.

Mpaka wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni betri.

Kwa nini betri huunguza

Watu wengi hudhani kwamba betri hudhuru kwa kupasuka na kumwaga sumu yake. Hilo laweza kutokea, lakini siyo sababu iliyo kubwa. Betri ambayo haijavuja hata tone huweza kuunguza umio, kwa sababu hufanya ndani ya mwili kazi ile ile ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu huisoma katika kemia: elektrolisisi.

Betri ina ncha mbili, chanya na hasi, nazo zimekaribiana sana. Inapobanwa katika umio, kuta zilizolowa za umio huzigusa ncha zote mbili kwa pamoja. Majimaji ya mwili yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Basi mzunguko umekamilika. Katika ncha hasi maji huvunjwa hivi:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Hidrojeni hutoka kama mapovu, na ayoni za haidroksaidi hubaki. Huo ni ualkali mkali, wa jamii moja na ule wa magadi makali ya kutengenezea sabuni. Alkali huyeyusha mafuta na protini za mwili, na kwa hiyo huchimba kuelekea ndani. Nyama iliyo karibu na ncha hasi ndiyo inayoungua zaidi.

Hapa fizikia inatusaidia pia. Ili maji yavunjwe huhitajika walau volti 1.23. Betri za litiamu za milimita 20 hutoa volti 3, yaani zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Hata betri ambayo haiwezi tena kuendesha rimoti huenda bado ina umeme wa kutosha kuunguza umio. Basi yule mzazi anayempa mtoto betri iliyokwisha ili aichezee anafanya kosa kubwa pasipo kujua.

Madhara hayaishii katika kidonda. Tukumbuke majirani wa umio: mbele yake lipo bomba la hewa, na kando yake ipo aota. Kuungua kukipenya ukuta, tundu huweza kufunguka kuelekea katika bomba la hewa, au katika mshipa mkuu wenyewe. Tena uharibifu huweza kuendelea siku kadhaa au hata majuma baada ya betri kutolewa. Kwa sababu hiyo mtoto aliyepata kumeza betri, kisha akatapika damu hata kidogo au akapata choo cheusi, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ameonekana mzima kwa siku nyingi.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa gharama ndogo. Achukue vipande viwili vya nyama mbichi, avilowanishe kwa maji yenye chumvi kidogo, kisha aweke betri ya CR2032 kati yake. Pembeni aweke sarafu kati ya vipande vingine viwili, kwa ajili ya kulinganisha. Aviache kwa saa 2. Baada ya hapo wanafunzi wavifunue. Nyama iliyogusa sarafu itakuwa kama ilivyokuwa. Nyama iliyogusa upande hasi wa betri, ambao ni ule uso mdogo usiokuwa na alama ya kujumlisha, itakuwa imebadilika rangi na kuwa kama iliyopikwa. Karatasi nyekundu ya litimasi ikiguswa hapo itageuka kuwa ya buluu. Mwalimu azihesabu betri kabla na baada ya somo, na nyama hiyo ifukiwe.

La kufanya nyumbani

Katika nyumba zetu mna desturi nyingi za kumsaidia aliyekwamwa. Mtu akikwamwa na mwiba wa perege wa Mtera, huambiwa ameze tonge kubwa la ugali lisilotafunwa, au ndizi, ili mwiba usukumwe. Huenda mwiba mdogo ukashuka kweli. Lakini huenda pia tonge hilo likauzamisha zaidi katika ukuta wa umio, na kilichokuwa mkwaruzo kikawa tundu na usaha. Heri aliyekwamwa afike kituo cha afya achunguzwe koo.

Mambo yafuatayo na yaepukwe kwa kitu chochote kilichomezwa. Mtoto asitapishwe, maana kitu kinaporudi juu huweza kuingia katika njia ya hewa, au kikakwaruza mara ya pili. Asitiwe vidole kooni pasipo kuona, kwa kuwa kidole hukisukuma kitu ndani. Asipewe haluli. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji nusukaputi, na tumbo lililojaa huleta hatari wakati huo.

Ikiwa mtoto amepaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, ainamishwe mbele na apigwe kwa kiganja mara 5 kati ya mabega. Kisha, kama amezidi mwaka mmoja, mtu asimame nyuma yake, amkumbatie, na amkandamize kwa ghafla juu kidogo ya kitovu mara 5, na kurudia. Mtoto mchanga hakandamizwi tumboni. Hukandamizwa kifuani kwa vidole viwili.

Kuhusu betri peke yake, utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2018 umeleta jambo jipya ambalo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaweza kulifuata kwa urahisi. Watafiti walijaribu vinywaji mbalimbali wakaona kwamba asali hupunguza kuungua. Asali ni nzito, hivyo huifunika betri. Tena ina asidi kiasi, hivyo hupunguza ukali wa alkali. Shauri linalotolewa sasa ni hili: mtoto aliyezidi mwaka mmoja, aliyemeza betri katika saa 12 zilizopita, na anayeweza kumeza, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, hadi mara 6, huku yuko njiani kwenda hospitali. Maneno haya ya mwisho yasisahauliwe. Asali haiponyi wala haiondoi betri. Hupunguza tu kasi ya moto. Mtu asichelewe kuondoka kwa ajili ya kuitafuta. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe, kwa kuwa asali huweza kuwa na viini vya ugonjwa wa botuli ambavyo mwili wake bado hauvimudu.

La kufanywa hospitalini

Daktari atauliza maswali matatu: ni kitu gani, kiko wapi, na kimekaa muda gani. Mzazi amsaidie kwa kuja na kifaa kilichotolewa betri, au kitu cha pili kilicho mfano wa kile kilichomezwa.

Swali la pili hujibiwa mara nyingi kwa picha ya eksirei, mionzi iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Sarafu iliyo katika umio, ikipigwa picha kutoka mbele, kwa kawaida huonekana duara kamili. Betri nayo huonekana duara, lakini yenye mviringo wa pili ndani ya ule wa kwanza, na ikitazamwa kwa ubavu huonyesha ngazi ndogo ukingoni. Tofauti hiyo ndogo huamua kama mtoto atangoja au atakimbizwa. Plastiki, kijiti na miiba mingi ya samaki havionekani vizuri katika picha hiyo. Kwa hiyo picha isiyo na kitu haithibitishi kwamba hapana kitu.

Sarafu iliyo katika umio wa mtoto asiye na shida huweza kuangaliwa kwa saa 12 hadi 24, kwa maana baadhi hushuka zenyewe. Isiposhuka hutolewa. Ikiwa tumboni, mtoto hurudi nyumbani ale kama kawaida, na choo chake kikaguliwe. Nyingi hutoka katika siku chache, nyingine baada ya majuma 3 au 4. Betri iliyo katika umio haina nafasi hiyo. Hutolewa mara inapotambuliwa, usiku au mchana.

Chombo cha kutolea ni endoskopu. Mwaka 1868 daktari Adolf Kussmaul wa Freiburg, Ujerumani, alipitisha mrija mnyofu katika umio wa mtu aliyezoea kumeza panga kwa maonyesho. Baadaye, huko Philadelphia, Marekani, daktari Chevalier Jackson alivitoa na kuvihifadhi vitu 2,374 vilivyomezwa au kuvutwa katika njia ya hewa, ambavyo hadi leo vimewekwa katika makumbusho ya Mütter. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha endoskopu inayopindika, iliyotumia nyuzi za kioo kupitishia mwanga. Siku hizi yaani mirija minyofu na ile inayopindika hutumika, kila mmoja kwa kazi yake.

Jackson alitambua jambo moja ambalo latufaa hapa. Aliona watoto wengi walioungua umio kwa kunywa magadi makali ya nyumbani, akapigania sheria ya kuweka onyo juu ya vyombo vya sumu hiyo. Sheria hiyo ilipitishwa Marekani mwaka 1927. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria nyingine, safari hii juu ya betri za duara, ikitaka vifuniko vyake visiweze kufunguliwa kwa urahisi na watoto.

Saa mbili na barabara ndefu

Tuirudie sasa hesabu yetu. Kutoka Iringa hadi Dodoma ni kilomita 260 hivi. Hadi Mbeya, kwa barabara kuu ya TANZAM, ni zaidi ya 300. Hadi Dar es Salaam ni karibu 500. Hakuna hata moja ya safari hizi inayokwisha kwa saa 2. Kama daktari wa karibu hana chombo, muda utakuwa umepita njiani. Kwa watu wa miji yetu, na zaidi kwa watu wa vijijini, kinga siyo nusu ya tiba. Ndiyo sehemu yake kubwa.

Kinga yenyewe si ghali. Kifuniko cha rimoti kisichokuwa na skrubu kifungwe kwa gundi ya karatasi. Betri zilizotumika zisiachwe mezani wala sakafuni. Zifungwe kwa gundi hiyo pande zote mbili na ziwekwe juu. Fundi wa Mlandege abadilishapo betri ya saa na aiweke ile ya zamani katika kopo lenye mfuniko. Mwanafunzi aliyefanya jaribio la nyama na aende nyumbani usiku huo huo akahesabu betri zote za duara zilizomo, na kutazama kila moja imefungwa namna gani. Katika nyumba nyingi hakuna mtu aliyewahi kuzihesabu.